Muda Katika Kubadili Tabia: Modeli za Kikokotozi na Afua za Afya

Mheshimiwa Mwenyekiti, wasimamizi wa miradi ya afya, watafiti wenzangu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie namna modeli za kikokotozi, yaani milinganyo na kanuni zinazoendeshwa kwa kompyuta ili kuiga jinsi mambo yanavyobadilika, zinavyoweza kuboresha afua zinazolenga kubadili tabia za afya, iwe ni kuacha sigara, kumeza dawa kwa wakati, kunawa mikono, kufanya mazoezi au kwenda kupima kabla ugonjwa haujajitokeza. Nimeupokea mwaliko huu kwa furaha na kwa tahadhari kidogo, kwa sababu kompyuta huheshimiwa kupita kiasi na wasioijua, na wanaoijua nusunusu huiheshimu kuliko hao.

Naomba nianze na makadirio mawili ambayo wengi wenu mtayakumbuka. Mwezi Septemba 2014, Ebola ilipokuwa ikisambaa Afrika Magharibi, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) kilitangaza kwamba Liberia na Sierra Leone zingeweza kufikisha wagonjwa milioni 1.4 ifikapo tarehe 20 Januari 2015, wakihesabiwa pamoja na wasioripotiwa, endapo hatua za ziada hazingechukuliwa na tabia za watu zisingebadilika. Mlipuko ulipomalizika, wagonjwa walioandikwa katika nchi zote zilizoathirika walikuwa takriban 28,600, na zaidi ya 11,300 kati yao walifariki. Tarehe 16 Machi 2020, wataalamu wa Imperial College London nao walikadiria kwamba UVIKO-19 ungeweza kuua watu wapatao 510,000 nchini Uingereza na milioni 2.2 nchini Marekani, endapo kusingekuwa na hatua zozote za udhibiti wala watu wenyewe kubadili mienendo yao kwa hiari.

Wapo walioyachukua makadirio hayo kuwa ushahidi kwamba modeli hudanganya, lakini mimi sioni hivyo. Kila moja ilitaja sharti lake waziwazi, na sharti hilo halikutimia. Katika Afrika Magharibi vituo vya matibabu viliongezwa, familia nyingi zilikubali maziko salama, na watu wakapunguza kugusana hata pale ambapo hakuna aliyewaamuru. Kinachonishughulisha ni mahali sharti lenyewe lilipowekwa. Tabia ya binadamu, iliyokuwa na nguvu ya kubadili mwelekeo mzima wa mlipuko, iliachwa katika sentensi ya maelezo nje ya milinganyo, maana yake ni kwamba modeli zilijua mengi kuhusu kirusi na machache mno kuhusu mtu anayekibeba.

Hali hiyo ina historia ndefu. Ronald Ross, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1902 kwa kuonyesha namna malaria inavyoambukizwa na mbu, baadaye aligeukia hisabati ili ajenge hoja ambayo darubini pekee isingeweza kuijenga: kwamba si lazima kuua mbu wote, inatosha kuwapunguza hadi chini ya kiwango fulani, na malaria itafifia yenyewe. Mwaka 1927, watafiti Kermack na McKendrick wakaandika milinganyo inayowagawa watu katika makundi ya wanaoweza kuambukizwa, walioambukizwa na waliokwisha kutoka katika maambukizi, na hadi leo modeli nyingi za magonjwa ya kuambukiza zimejengwa juu ya msingi huo. Kwa karibu karne nzima sasa tumekuwa na lugha sahihi ya kuzungumzia maambukizi, ilhali tabia tumeizungumzia kwa lugha nyingine kabisa.

Lugha hiyo nyingine ni ya nadharia za saikolojia, nami siidharau. Katika miaka ya 1950, wanasaikolojia wa Idara ya Afya ya Umma ya Marekani walijiuliza kwa nini watu hawajitokezi kupigwa picha za eksirei za kifua ili kuchunguzwa kifua kikuu, hata huduma ilipotolewa bure na karibu na makazi yao. Jibu lao, kwamba mtu hupima uzito wa ugonjwa, uwezekano wa yeye mwenyewe kuupata, faida ya hatua anayoshauriwa na vikwazo vyake, bado linafundishwa vyuoni. Mwanasaikolojia Albert Bandura alituonyesha nguvu ya imani ya mtu katika uwezo wake mwenyewe. Mwenzake katika fani hiyo, Icek Ajzen, alitupa nadharia inayoiweka nia katikati, ikiwa imezungukwa na mtazamo wa mtu, shinikizo la wanaomzunguka na kiasi anachojiona anaweza kulitawala jambo. Miradi mingi ninayoisoma hutanguliza mojawapo ya nadharia hizi katika ukurasa wa tatu au wa nne wa andiko lake, pamoja na mchoro wa masanduku na mishale, kisha mchoro huo hauonekani tena hadi ripoti ya mwisho.

Mchoro huo hutoweka kwa sababu hauna msaada kwa mtu anayepaswa kuamua jambo siku ya Jumatatu asubuhi. Mshale unaotoka kwenye nia kwenda kwenye tabia hausemi kama safari hiyo huchukua siku tatu au miezi mitatu, hausemi kama nia ikiongezeka maradufu tabia nayo huongezeka maradufu au kwa robo tu, na hausemi kinachotokea uhamasishaji unapokoma. Tunajua kwamba majibu ya maswali haya si mepesi. Mwaka 2006, watafiti Webb na Sheeran walikusanya majaribio 47 yaliyofanikiwa kubadili nia za watu, wakakuta kwamba mabadiliko ya nia yaliyokuwa ya wastani hadi makubwa yalizaa mabadiliko ya tabia yaliyokuwa madogo hadi ya wastani. Mradi unaopima nia mwishoni mwa semina na kujitangazia ushindi unapima hatua ya kwanza ya safari ambayo sehemu kubwa ya abiria hushukia njiani.

Hoja yangu ya leo, basi, ni hii. Nadharia tunazozitegemea zimenyamaza kuhusu muda, na faida kubwa kuliko zote ya modeli ya kikokotozi ni kwamba haiwezi kuendeshwa bila muda kutajwa. Kompyuta haikubali maneno "polepole" na "baadaye kidogo". Inadai kuambiwa ni kwa kasi gani, kwa kiasi gani, kwa nani, na hadi lini. Anayejibu maswali hayo, hata kwa kukisia, amejiweka mahali ambapo anaweza kukosolewa na ukweli, na hapo ndipo kujifunza kunapoanza.

Ruhusuni nieleze mfano mmoja kwa kirefu, kwa sababu ndani yake mna kazi nzima. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona kuna mhandisi wa kemikali, Daniel Rivera, ambaye taaluma yake ni udhibiti wa mitambo: namna ya kuhakikisha joto, mgandamizo au kina cha kimiminika kiwandani kinabaki pale kinapotakiwa, hata malighafi inapobadilikabadilika. Yeye pamoja na wanasayansi wa tabia, wakiwamo Linda Collins na Eric Hekler, walizichukua nadharia za Ajzen na Bandura wakaziandika upya kama mfumo wa matangi ya maji. Imani ya mtu kwamba anaweza kutembea hatua zinazohitajika kila siku ni kina cha maji katika tangi mojawapo. Maji huingia kupitia mabomba kadhaa: mafanikio yake ya jana, kuwaona wenzake wakifanikiwa, maneno ya kumtia moyo. Maji hutoka kwa sababu imani ambayo haikutiwa nguvu hupungua. Sehemu ya maji huingia katika tangi la tabia yenyewe, na tabia ikishatendeka, matokeo yake hurudi kulijaza tangi la kwanza. Kila bomba lina upana wake, na kila bomba lina ucheleweshaji wake.

Mkilitazama jambo kwa namna hiyo, maswali ambayo hapo awali yalikuwa ya mabishano yanageuka kuwa ya hesabu. Tukiacha kutuma jumbe za kutia moyo katika wiki ya nane, tabia itajiendesha yenyewe kwa mzunguko wake wa mrejesho, au itashuka hadi ilipokuwa? Jibu linategemea kama mafanikio ya jana yanaingiza kingi kuliko kinachopotea, na hilo hupimika. Je, mtu apewe lengo la hatua ngapi kwa siku? Lengo dogo mno halimwongezei mtu chochote, kwa kuwa kulifikia hakumthibitishii lolote. Lengo kubwa mno humshinda, na kushindwa huko humpunguzia imani, kwa hiyo kesho anatembea kidogo zaidi, na keshokutwa kidogo zaidi ya hapo. Kati ya viwango hivyo viwili kuna lengo gumu linalowezekana, nalo husogea kadiri mtu anavyobadilika. Katika utafiti uliopewa jina la Just Walk, timu ya Hekler na Rivera ilibadilisha malengo ya hatua siku hadi siku kwa mpangilio uliokokotolewa mapema, ili kutokana na jinsi kila mshiriki alivyoitikia waweze kukadiria modeli ya mtu huyo mmoja. Mhandisi hufanya vivyo hivyo anapoutikisa mtambo kidogo ili azijue tabia zake kabla ya kuuendesha.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba wastani wa kundi unaweza kumficha kila mtu aliyemo. Mwaka 2010, Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha utafiti uliofuatilia watu 96 waliojichagulia tendo dogo la kila siku, kama vile kula tunda wakati wa chakula cha mchana au kukimbia kabla ya chakula cha jioni. Walipima kila siku ni kwa kiasi gani tendo hilo lilikuwa linafanyika lenyewe bila kufikiriwa, kisha wakachora mkunjo wa kila mtu kwa mlinganyo: kupanda kwa kasi mwanzoni, kisha taratibu, hadi kufikia kikomo. Mtu wa katikati alihitaji siku 66 kukaribia kikomo chake. Lakini aliyekuwa mwepesi kuliko wote alihitaji siku 18, na mzito kuliko wote alikadiriwa kuhitaji siku 254. Tena, wapo ambao mkunjo huo haukuwafaa hata kidogo, hasa wale ambao hawakuwa wakilirudia tendo kwa uthabiti.

Fikirini maana ya matokeo hayo kwa mradi wa wiki nne. Unawapongeza watu kwenye sherehe ya kufunga mafunzo wakati wengi wao bado wanapanda mlima, kisha baada ya miezi sita unashangaa kwamba tabia haikudumu. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba kuruka siku moja hakukuathiri sana ujengekaji wa mazoea, na hili linapaswa kubadili maneno tunayomwambia mtu aliyeteleza mara moja. (Sisemi hivyo kuhusu dozi za dawa, ambazo kuzikosa kuna madhara yake ya kitabibu, nazungumzia ujengekaji wa mazoea peke yake.) Mkunjo wa Lally si modeli ngumu. Una vigezo vichache tu, na kijana wa mwaka wa pili chuoni anaweza kuukokotoa. Ugumu uko katika kupima kila siku, kwa mtu yuleyule, kwa wiki nyingi, jambo ambalo tathmini zetu za mwanzo na mwisho wa mradi hazifanyi kamwe.

Simu za mkononi zimeurahisisha upimaji huo, na zimetuletea aina mpya ya majaribio. Watafiti Predrag Klasnja, Susan Murphy na wenzao walitengeneza programu ya simu iitwayo HeartSteps na kuijaribu kwa wiki sita na watu wazima, idadi yao ikiwa chini ya 50, ambao hawakuwa na mazoea ya mazoezi. Mara tano kwa siku, bahati nasibu ndani ya simu iliamua kama mtu atatumiwa pendekezo la kujinyoosha na kutembea au hatatumiwa. Bahati nasibu haikuwagawa watu katika makundi mawili kama tulivyozoea, bali iligawa nyakati za mtu yuleyule, hivyo kila mshiriki alitoa nafasi zaidi ya 200 za kulinganisha. Mwanzoni mwa utafiti, pendekezo liliongeza hatua za nusu saa iliyofuata kwa asilimia 66. Kadiri siku zilivyopita, athari hiyo ilififia. Mapendekezo ya kutembea, yakipigiwa wastani wa wiki zote sita, yaliongeza hatua kwa asilimia 24, lakini yale ya kumtaka mtu ainuke tu kwenye kiti hayakuonyesha athari inayoweza kugundulika.

Mimi nayachukulia matokeo haya kuwa ya thamani kubwa hasa kwa sababu ya huko kufifia. Jaribio la kawaida la makundi mawili lingetupa tarakimu moja, pengine ndogo, nasi tungelumbana kama programu inafanya kazi au haifanyi. Hapa tunaona kwamba ilifanya kazi sana, kisha ikazoeleka. Swali linalofuata ni la udhibiti: je, arifa zikipunguzwa kwa makusudi, uzito wake utarudi? Ni wakati gani wa siku ambapo mtu yuko tayari kuitikia, na ni wakati gani arifa itamchokoza tu? Toleo lililofuata la programu hiyo lilitumia kanuni ya kompyuta ya kujifunza (algoriti) inayobadilisha uwezekano wa kutuma kulingana na jinsi mtu alivyoitikia huko nyuma. Hatari yake ni dhahiri kwa yeyote aliyewahi kuzima arifa za simu yake kwa hasira: kanuni inayotafuta mwitikio wa nusu saa ijayo inaweza kumchosha mtu hadi aifute programu yote, isipokuwa gharama ya kuchosha imeandikwa ndani ya hesabu tangu mwanzo.

Hadi hapa nimemzungumzia mtu mmoja mmoja, lakini tabia za afya huenea, au huonekana kuenea, kati ya watu. Mwaka 2007, watafiti Christakis na Fowler walichapisha uchambuzi wa mtandao wa watu 12,067 katika utafiti wa muda mrefu wa afya ya moyo wa Framingham, Marekani, waliofuatiliwa kwa miaka 32, wakaripoti kwamba uwezekano wa mtu kunenepa kupita kiasi uliongezeka kwa asilimia 57 ikiwa rafiki yake alinenepa katika kipindi hicho. Matokeo hayo yalisifiwa sana na kupingwa sana. Wapinzani walisema, kwa haki, kwamba marafiki huchaguana kwa kufanana na huishi katika mazingira yanayofanana, kwa hiyo kunenepa pamoja si lazima kuwe kuambukizana.

Kwa mpangaji wa mradi, mabishano hayo si ya kitaaluma tu. Ikiwa tabia huenea kwa ushawishi, inafaa kuwekeza kwa watu wachache wenye marafiki wengi. Ikiwa watu hufanana tu, fedha hizo zitaishia kwa haohao wachache. Hapa ndipo modeli za mawakala husaidia, yaani zile zinazoumba ndani ya kompyuta watu wa kubuni wenye kanuni zao za kuamua, kisha kuwaacha waingiliane, njia ambayo Thomas Schelling aliionyesha mwaka 1971 alipoeleza jinsi makazi yanavyotengana bila mtu yeyote kukusudia utengano huo. Unaweza kuendesha mradi wako kwa kudhani ushawishi ni mkubwa, kisha kwa kudhani haupo kabisa, na kutafuta mpango usioharibika sana katika hali zote mbili. Jaribio la vijiji 32 nchini Honduras, lililochapishwa mwaka 2015, linatukumbusha kutotegemea kanuni moja. Kuwalenga marafiki waliotajwa na wanakijiji waliochaguliwa kwa nasibu kuliongeza matumizi ya vitamini kwa takriban asilimia 12 kuliko kuwalenga watu kwa nasibu tupu, lakini kwa dawa ya kutibu maji njia hiyohiyo haikuleta tofauti ya wazi, na kuwalenga wenye miunganisho mingi zaidi hakukushinda uteuzi wa nasibu. Bidhaa mbili, vijiji vilevile, matokeo mawili.

Sasa niseme kuhusu kosa ambalo naliona kuwa kubwa kuliko mengine, nalo ni kuingiza tabia ndani ya modeli kama jambo lililokwisha kutatuliwa. Mwaka 2009, Reuben Granich na wenzake wa Shirika la Afya Duniani walichapisha modeli yenye ushawishi mkubwa kuhusu VVU, wakitumia data za Afrika Kusini. Walidhani kila mtu mzima atapimwa kwa hiari mara moja kwa mwaka na kila atakayekutwa na maambukizi ataanza dawa mara moja, na modeli ikaonyesha kwamba maambukizi mapya yangeweza kushuka hadi chini ya mtu 1 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka ndani ya miaka kumi. Kibaiolojia hoja ilikuwa imara, na baadaye ikathibitika kwamba mtu anayetumia dawa na kufubaza virusi kikamilifu hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya ngono. Lakini majaribio makubwa ya kijamii yalipofanyika, matokeo yalikuwa ya mchanganyiko. Katika jaribio la TasP huko KwaZulu-Natal, maambukizi mapya hayakupungua kuliko katika maeneo ya kulinganisha, kwa sababu mojawapo kwamba watu waliogundulika walichelewa kujiunga na huduma. Katika PopART, lililofanyika Zambia na Afrika Kusini katika jamii 21 zenye watu wapatao milioni moja, kundi lililopata upimaji wa nyumba kwa nyumba na dawa kwa mwongozo wa kitaifa lilipunguza maambukizi kwa asilimia 30, ilhali lile lililoanzishiwa dawa mara moja tangu mwanzo lilipata upungufu wa asilimia 7 tu, ambao haukuweza kutofautishwa na bahati.

Siwalaumu waliotengeneza modeli ya mwaka 2009. Waliuliza nini kingewezekana, na jibu lao lilihamasisha dunia. Ninachosema ni kwamba kati ya kupimwa na kumeza kidonge cha kwanza kuna aibu, kuna safari, kuna kazi isiyoruhusu kukosa siku, kuna mume au mke ambaye hajaambiwa. Modeli inayofupisha hayo yote kwa kigezo kimoja kiitwacho "asilimia ya wanaoanza dawa" imeficha mahali hasa ambapo mradi utafaulu au utakwama. Laiti kigezo hicho kingefunguliwa, kikawa hatua tatu au nne zenye kasi zake, wahudumu wa ngazi ya jamii wangeweza kuonyesha hatua ipi ndiyo nzito, maana wanaijua.

Kuhusu data zenyewe nitasema machache. Kipimo kinachopatikana kwa urahisi si lazima kiwe kipimo cha jambo unalolitaka. Mwaka 2019, Ziad Obermeyer na wenzake walionyesha kwamba kanuni ya kompyuta iliyotumika sana katika huduma za afya za Marekani ilikuwa ikitabiri gharama za matibabu badala ya mahitaji ya matibabu; na kwa kuwa Wamarekani weusi walikuwa wakitumiwa fedha kidogo kwa ugonjwa uleule, kanuni iliwaona kuwa na afya kuliko walivyokuwa. Kuirekebisha kungepandisha sehemu yao miongoni mwa waliostahili msaada wa ziada kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Katika kazi yetu, kipimo kama hicho ni "idadi ya waliofungua ujumbe" au "hatua zilizohesabiwa na simu", ambazo humwacha nje mtu anayeshirikiana simu na nduguze, na humhesabu kuwa mvivu mtu anayeiacha simu mezani. Anayekosekana katika data atakosekana katika modeli, na hatimaye huduma itampita.

Kuna pingamizi ambalo hutolewa kila mara, kwamba binadamu si mashine na hawezi kuandikwa kwa milinganyo. Nakubali nusu yake ya kwanza. Lakini kila mradi tayari una modeli, ama imeandikwa ama haijaandikwa. Anayepanga vikao sita vya ushauri amedhani kwamba kikao cha saba hakiongezi kitu. Anayetuma ujumbe mmoja kwa wiki amedhani kwamba athari ya ujumbe hudumu siku saba. Dhana hizo zimo ndani ya bajeti, hazina jina, na hakuna anayewajibika kwazo. Kuziandika hakumgeuzi mtu kuwa mashine. Kunamlazimisha mpangaji aonyeshe alichokidhani.

Kwa wale mnaosimamia miradi midogo isiyo na mtaalamu wa kompyuta, ningependekeza mwanzo wa kawaida sana. Kaeni siku mbili na wahudumu, na watu wachache wanaolengwa na afua yenu, mchore vitu vinavyoongezeka na kupungua, visizidi vitano. Kwa kila mshale, andikeni makisio ya chini na ya juu ya kasi yake, na nani ameyatoa. Ingizeni hayo katika jedwali la kompyuta la kawaida, wiki kwa wiki, kisha mbadilishe kigezo kimoja baada ya kingine na mtazame ni kipi kinachopindua matokeo. Kwa kawaida ni kimoja au viwili. Hicho ndicho cha kupimwa kwanza, kabla ya kuchapa vipeperushi na kabla ya kuajiri. Mkishaanza, linganisheni utabiri wa kila mwezi na kilichotokea, na pale vinapotengana msikimbilie kurekebisha tarakimu hadi zifanane. Waulizeni wahudumu kwanza, kwa sababu tofauti hiyo mara nyingi ina maelezo ambayo hayamo katika jedwali.

Nawasihi pia muweke kumbukumbu ya kila toleo la modeli pamoja na tarehe yake, na mwaonyeshe wafadhili toleo la kwanza hata kama lilipotoka mbali. Mfadhili aliyezoea kuona malengo yaliyotimia kwa asilimia 98 atashtuka kidogo. Hata hivyo, mradi unaokuja baada yenu utahitaji kujua ni dhana ipi iliyovunjika na katika wiki ya ngapi, na habari hiyo haipatikani katika ripoti ya mafanikio.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naambiwa tuna dakika ishirini za maswali. Ningefurahi zaidi kama yatahusu miradi mliyo nayo sasa hivi, na hasa kama muulizaji atakuja na mshale mmoja ambao hana hakika na kasi yake, ili tuujadili hapa pamoja. Ahsanteni sana.